Nilivyomtembeza Shangazi Zuhura

Kila ninapobandua mkanda wa mashine ya presha, ule unaofungwa juu ya kiwiko na kutoa sauti kama kanga mpya inayochanwa dukani, namkumbuka Shangazi Zuhura. Na kila nikimkumbuka, natamani kumfanyia kitu kibaya. Nasema wazi tangu mwanzo, asije mtu akasoma akadhani namwandikia shangazi yangu mapenzi. Kazi yangu ni kupima mioyo ya watu kwenye kliniki moja hapa Al Rayyan, kwa hiyo mkanda huo naubandua mara nyingi kwa siku, na kila mara namchukia upya.

Nyinyi mliokulia Doha kama mimi mnaijua vila yetu ya Muaither hata kama hamkuwahi kuikanyaga. Mwenye nyumba aliikatakata kwa kuta za jipsamu, kila familia chumba kimoja na nusu, jiko la kupokezana. Jirani akipiga chafya, upande wa pili mnamwombea rehema. Baba alikuwa dereva wa hoteli. Mama alikaa nyumbani na mimi, akiwashonea mabaibui wanawake wa kwetu. Chumba cha pili, ukuta mmoja na sisi, alikaa Shangazi Zuhura, dada mkubwa wa Baba, msimamizi wa wasafisha vyumba kwenye hoteli ileile. Ndiye aliyemtafutia Baba kazi, na hakuna siku iliyopita bila kutukumbusha. Alikuwa mrefu, mnene, mwenye sauti ya kuamrisha, na akiingia jikoni Mama alikuwa anatoka.

Nilikuwa na miaka tisa. Siku moja baada ya shule nilikuwa sakafuni nafanya hesabu, Mama yuko bafuni anafua, nikamsikia Shangazi upande wa pili anaongea na Baba. Ukuta wa jipsamu hauna siri.

"Mama amelala chali kule Lushoto, hata kujigeuza hawezi," alisema. "Mimi nina kazi. Wewe una kazi. Mkeo ana kazi gani hapa? Mrudishe akamwuguze mama yetu."

"Na mtoto, dada?" Baba aliuliza, kwa ile sauti yake ya mtu aliyeshindwa kabla hajaanza.

"Mtoto ana shule. Mimi nipo."

Mimi nipo! Mama yake mwenyewe anaumwa, yeye mtoto wa kumzaa, anamtuma mke wa mdogo wake akambebee choo. Nilikuwa mdogo lakini sikuwa mjinga, hilo nililiona palepale. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Baba hakujibu kitu, na kwenye nyumba yetu Baba akinyamaza maana yake amekubali.

Mama aliondoka joto lilipoanza. Aliambiwa miezi mitatu tu. Kwenye uwanja wa ndege alinishika mashavu kwa mikono yake inayonukia sabuni ya kufulia, akaniambia nisimsumbue Shangazi, nile chakula, nisikose shule. Hakulia. Mimi nililia nikamtapikia Baba kwenye viatu. Shangazi alisimama pembeni na mkoba wake, akasema, "Basi, basi, mtoto mkubwa huyo." Nilimwangalia, nikaapa nitamwonyesha cha mtema kuni.

Watoto wa Doha tulikuwa tunajua mambo ya ikama kabla ya kujua jedwali la saba. Ikama ni kile kibali cha kuishi, na kila mtu mle ndani ya vila alikuwa anasema kuwa ukikaa nje ya nchi zaidi ya miezi sita, kibali kinakufa, uanze upya, na kuanza upya si mchezo. Kwa hiyo nilijua kwamba nina miezi sita. Mama arudi ndani ya miezi sita, au asirudi tena. Na aliyemzuia ni mtu mmoja. Kwa akili yangu ya miaka tisa, Shangazi akiondoka duniani, Baba atapata sauti, atapiga simu Lushoto, na Mama atapanda ndege. Nilikuwa na uhakika kabisa.

Njia ya kumwondoa nilipewa na watu wawili wema wasiojua walichokuwa wananipa. Wa kwanza alikuwa Ustadh wetu, mzee wa Kizanzibari aliyetufundisha Ijumaa asubuhi kwenye sebule ya nyumba ya jirani. Alituambia pumzi za mja zimehesabiwa kabla hajazaliwa, na ya mwisho ikitoka haongezewi hata nusu.

"Na mapigo ya moyo, Ustadh?" niliuliza.

"Vyote, mwanangu. Kila kitu kwa hesabu."

Alitaka tumche Mungu. Mimi nikafikiria kopo la sukari. Ukinywa chai mara mbili kwa siku, kopo linafika mwisho wa mwezi. Ukinywa mara sita, wiki ya pili unakwangua chini kwa kijiko. Basi mtu anayeufanya moyo wake upige mbio anakwangua kopo lake mwenyewe. Nilishangaa kwamba watu wazima hawajaligundua hilo, na bado wanapanda ngazi.

Wa pili alikuwa sista wa kliniki, Mkenya. Shangazi alikuwa ameanza kupata kizunguzungu kazini, Baba akampeleka, nami nikabebwa kwa sababu hapakuwa na wa kuniachia. Sista alimfunga ule mkanda, ukajaa upepo, akauachilia, akaguna.

"Mathe, hii presha yako iko juu sana. Na moyo unaenda mbio na umeketi tu! Tisini na mbili! Wewe unafaa kutembea. Kila siku nusu saa, mpaka jasho itoke."

"Nitembee nimfuate nani, kwenye jua hili?" Shangazi alijibu. "Miguu yenyewe nashinda nimesimama nayo."

"Enda kwa yale majumba ya maduka, kuna baridi. Na huyu msichana akusaidie kuhesabu." Akanishika mkono, akaweka vidole vyangu viwili chini ya dole gumba la Shangazi, kwenye kifundo. "Hapo. Unasikia?"

Nilisikia. Kitu kilikuwa kinanigonga vidole kutoka ndani ya mkono wa adui yangu. Du, du, du, du. Kopo lake la sukari, na mimi nimeshikishwa kijiko. Nikasema haraka, kabla Baba hajafungua mdomo, "Mimi nitatembea naye kila siku."

Jamani, nilivyosifiwa! Sista alinipa peremende. Baba alifuta macho. Vila nzima ilisikia jioni hiyohiyo kwamba binti ana huruma, binti ana moyo wa dhahabu, mama yake hayupo naye anamhudumia shangazi. Nilitoa meno nje kama malaika. Ndani nilikuwa nahesabu miezi.

Tukaanza. Kila alasiri Shangazi akitoka zamu yake, Baba alitushusha kwenye jumba la maduka, na mimi nilikuwa nimeshavaa raba. Siku ya kwanza alitembea hatua chache akataka kukaa. Nikamwambia sista kasema tukikaa tunaanza upya. Uongo. Siku ya tatu tulifika kwenye ngazi za umeme, nikamwambia zimeharibika. Uongo, watu walikuwa wanapanda mbele ya macho yake, lakini nilimshika mkono nikamvuta kwenye ngazi za kawaida naye akafuata, akihema, akisema, "We mtoto, we mtoto." Alipenda chai ya karaki, ile nzito ya maziwa na hiliki. Nikamwambia mpaka tumalize mizunguko minne. Ilipomalizika minne nikamwambia mitano.

Pale mlangoni alisimama askari mmoja kijana kutoka Kisumu, mpenda utani, akatuzoea. "Sasa, mathe! Leo ni matembezi ama ni mashindano?" Siku moja Shangazi alimpita uso umelowa, mishipa imemtutumka kwenye paji la uso na nyuma ya viganja, kitambi kinapanda na kushuka. Askari akanyooshea kidole upande wangu, akacheka. "Haki huyu mtoto anataka kukuua!"

Nilidhani ameona. Shangazi naye akacheka, akajifuta na mtandio, akasema, "Ananipenda huyu, wewe hujui." Nikainamisha kichwa nikafunga kamba za raba ambazo zilikuwa zimefungwa tayari.

Ile mishipa ilinipa raha, sitawadanganya. Niliiangalia ilivyojaa nikajua lazima mmoja utapasuka. Leo najua kilichokuwa kinatokea. Mtu akianza kutembea kwa kasi, misuli ya miguu inadai damu, na moyo unaitika kwa kupiga haraka na kwa nguvu zaidi. Mishipa inayopeleka damu kwenye misuli inafunguka, ile ya tumboni inajibana kidogo ili damu iende inakohitajika. Mwili ukipata joto, damu inasogezwa karibu na ngozi ipoe, ndiyo maana mishipa ya mikononi inatutumka. Hakuna kilichokuwa kinapasuka. Mwili wa Shangazi ulikuwa unafanya kazi ambayo haukuwa umeifanya kwa miaka mingi, na ulikuwa unaifurahia, mimi nikidhani unakata roho.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sipendi kulifikia. Kila Ijumaa Baba alinipa simu nimtumie Mama ujumbe wa sauti. Lushoto ni milima mitupu, mnajua. Mama alinieleza anavyopanda kilima kwenda sokoni, anavyoshuka mtoni, anavyopanda tena na mzigo, na jinsi Bibi anavyomsumbua. Aliongea kwa kuhema, kwa sababu alirekodi huku anatembea. Kuhema kule kulinitisha. Hapa nimemshika Shangazi namkwangua kopo lake, na kule Mama yangu anakwangua la kwake mwenyewe, bure, kwa ajili ya nyanya na kitunguu!

Nikamwambia. "Mama, usipande mlima. Panda bodaboda. Mtume mtoto wa jirani sokoni. Ukihema hivyo unayamaliza mapigo yako, Ustadh kasema yamehesabiwa. Kaa tu, Mama. Shona, lakini ukae."

Jibu lilikuja na kicheko chake. "Haya, daktari wangu. Nikae?"

"Kaa. Niahidi."

"Nakuahidi. Haya, nimekaa. Umefurahi?"

Nilifurahi. Ijumaa iliyofuata nilimwuliza tena, akasema amekaa. Na sauti yake kweli ilikuwa imetulia, haihemi tena, na nyuma yake nilisikia cherehani.

Huku Doha wiki zilikwenda. Asubuhi kabla ya shule, kabla Shangazi hajainuka kitandani, niliingia na vidole vyangu viwili. Akanyoosha mkono akiwa bado amefumba macho, nami nikahesabu kwa saa ya ukutani. Tisini na mbili mwanzoni. Baadaye themanini na sita. Halafu themanini. Halafu sabini na tano. Wallahi nilikuwa nataka kuruka kwa furaha. Yanapungua! Kopo linaelekea chini, moyo umeanza kubana matumizi, unayatoa yaliyobaki moja moja! Miezi minne ilikuwa imepita. Mama aliyeambiwa mitatu alikuwa bado hajarudi, Bibi hajapona wala hajafa, na Baba akiulizwa anasema "Inshallah". Nikaona nikaze.

Joto lilipovunjika, Shangazi mwenyewe akasema sasa twende Al Wakrah, tutembee nje, kando ya bahari. Alhamisi alikuwa anafunga, funga ya sunna. Nikaona hiyo ndiyo siku. Mtu mwenye njaa na kiu tangu alfajiri, umtembeze mpaka karibu na magharibi, atakuwa amebakiwa na nini? Ilikuwa imebaki wiki moja miezi sita itimie. Nilimwambia Shangazi kwamba leo tufike mpaka mwisho wa njia, kule ambako hatujawahi kufika.

Tulitembea. Familia za watu zilikuwa zimetandika mikeka, watoto na baiskeli, harufu ya mahindi ya kuchoma. Niliongeza mwendo, naye akaongeza. Nilikimbia kidogo, naye, mtu mzima yule na baibui lake, akakimbia kidogo, vidole vyake vimeng'ang'ania vyangu. Tulipofika mwisho wa njia alisimama ghafla. Akaweka mkono kifuani. Akakaa kwenye benchi kama gunia lililotuliwa, akafumba macho.

"Shangazi?"

Alinyoosha mkono tu, kama asubuhi.

Nilimshika kifundo. Moyo ulikuwa unakimbia vibaya sana, nikaanza kuhesabu kwa saa yake ya mkononi. Mia na thelathini. Nikahesabu tena. Mia na nne. Tena. Tisini. Unashuka! Haujawahi kushuka haraka namna ile, siku za kwanza ulikuwa unachukua nusu saa nzima kutulia. Themanini na moja. Sabini na nne. Nikajua ndiyo unaondoka, sasa utafika hamsini, thelathini, kumi, halafu hakuna. Mtaniuliza kama nilijuta. Sikujuta. Niliogopa, nilitaka mkojo, lakini nilikuwa nimekaza macho kwenye uso wake nikisema moyoni, nenda, nenda, nenda, Mama arudi.

Adhana ikaanza. Shangazi akafumbua macho.

"Alhamdulillahi," alisema, kwa sauti nzima kabisa. "Mbona unaniangalia hivyo? Ngapi?"

"Sabini na nne," nikasema.

"Mara hii!" Akacheka, akapekua mkoba, akatoa tende. Mfungaji ni yeye, lakini ya kwanza alinitia mimi mdomoni, ndipo akafuturu kwa ya pili. "Unajua, sijawahi kujisikia hivi tangu nilipokuwa msichana."

Niliitafuna. Ilikuwa tamu, na nilichukia kwamba ilikuwa tamu.

Jumanne yake tulirudi kliniki. Sista alimfunga mkanda, akaubandua, akamfunga tena kwa sababu hakuamini. Daktari akaitwa. Dawa zikapunguzwa, vidonge viwili vikawa kimoja. "Hii moyo imekuwa na nguvu," sista alisema. "Ikipiga mara moja inasukuma damu mingi, kwa hivyo haina haja ya kupigapiga ovyo. Na mishipa imelegea, damu inapita vizuri. Mathe, wewe sasa uko na miaka mingi sana." Kisha akanigeukia. "Na ni wewe umefanya hii kazi."

Nililia mle ndani mpaka nikakosa pumzi. Nilijitupa sakafuni. Wakasema ni furaha. Shangazi alinikumbatia kwa ile mikono yake, akanibana kwenye kifua chake, na huo moyo ukanigonga sikioni taratibu, du, na baada ya muda, du, kama mtu anayebisha hodi na hana haraka. Siku mbili baadaye miezi sita ilitimia. Ikama ya Mama ikafa.

Sikumtembeza tena. Nilisema miguu inaniuma. Lakini yeye alikuwa ameshanogewa, akaendelea peke yake, asubuhi na jioni, mpaka wanawake wengine wa vila wakaanza kumfuata.

Mama nilimwona mara tatu tu baada ya hapo, likizo za kiangazi. Kila mara alikuwa amenenepa zaidi. Alikaa barazani na cherehani yake, vijana wa bodaboda wakimletea nyanya na vitunguu mpaka mlangoni, na Bibi ndani akimwita. Nilimwona amekaa nikaridhika, nikaona mapigo yake yapo salama kopo zima. Mara ya mwisho nilikuwa na miaka kumi na tano, nimeshaanza kusoma biolojia, nimeshajua kwamba kopo la sukari ni upuuzi. Sikumwambia. Niliona haya tu, nikidhani ameshasahau maneno ya mtoto. Mwaka uliofuata presha ilimpanda, akapata kiharusi palepale kwenye kiti, kitambaa kikiwa bado chini ya sindano. Alikufa kabla ya Bibi. Ndiyo, kabla ya mgonjwa aliyepelekwa kumwuguza. Na hapo ndipo Shangazi Zuhura alipofunga safari kwenda kumwuguza mama yake mwenyewe, akapanda vile vilima vya Lushoto kwa huo moyo niliomtengenezea mimi, akamzika mama yake, akarudi Doha hana hata kikohozi.

Najua, presha ina sababu nyingi. Ipo ya kurithi, ipo ya chumvi, ipo ya mawazo, na Mama alikuwa na mawazo ya kutosha. Nimeyasoma yote hayo na nawaeleza wagonjwa kila siku. Lakini mimi nilihitaji mtu wa kumlaumu, na mtu huyo alikuwa yupo, mzima wa afya, chumba cha pili.

Wiki iliyopita alikuja kliniki. Anakwenda Hija, daktari wake akataka moyo upimwe kwanza kwa kutembea kwenye mashine, ule mkanda mpana unaozunguka chini ya miguu. Zamu ilikuwa yangu. Angeweza kupimwa na mwenzangu, nami ningeweza kwenda kunywa chai, lakini nilisema niachieni, ni shangazi yangu, na wenzangu wakasema masikini, wanapendana.

Nilimbandika vibandiko kifuani, nikamfunga mkanda wa presha mkononi, nikawasha. Alivaa raba mpya. Ametimiza sitini na kitu, kapungua, kanyooka. Daktari alikuwa chumba cha pembeni, kioo kati yetu, anaangalia na hasikii. Kila dakika tatu mashine inaongezwa kasi na inainuliwa kidogo kama mlima, na anayeongeza ni mimi. Dakika ya sita niliuangalia ule mstari kwenye skrini unavyokwenda, safi, hauna kasoro hata moja, na moto wa miaka yote ile ukanipanda kooni. Nikasema, kama mtu anayetema kitu:

"Shangazi, unajua nilikuwa nakutembeza ili ufe?"

Hakujikwaa hata hatua. Alinitazama kwa pembe ya jicho, akaendelea kutembea.

"Nilijua hunipendi," alisema, akivuta pumzi kati ya maneno. "Mtoto wa miaka tisa haachi katuni kwa ajili ya shangazi yake. Nikasema potelea mbali, chuki yake inanifaa."

"Ulimfukuza Mama."

"Nilimfukuza." Hatua tatu, nne. "Ilikuwa zamu yangu kwenda, nikamtuma yeye. Unadhani ninakwenda Hija kuomba msamaha wa nini?"

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilitaka akane, ili nipate pa kumshika. Mashine ikalia, nikaongeza kasi na kuinua mlima, naye akaongeza hatua.

"Na nilimwambia," akaendelea. "Nilipopona ile presha nilimtumia ujumbe. Nikamwambia, wifi, tembea, mwenzio nimepona kwa kutembea, wewe una milima ya bure hapo mlangoni. Kila nilipomsikia nilimwambia. Akakataa."

"Alikataa kwa nini?"

"Alisema wewe umemkataza. Alisema umemwambia akae asiyamalize mapigo." Alijifuta jasho kwa bega. "Nikamwambia huo ni utoto. Akasema anajua ni utoto. Lakini, akasema wifi, mwanangu tangu niondoke hajaniomba kitu kingine. Hicho kimoja sitamvunjia."

Mkono wangu ulikuwa kwenye kitufe. Nilipokuja kujitambua mashine ilikuwa imesimama, na daktari anagonga kioo kuuliza kuna nini, na Shangazi ameshika vyuma kwa mikono miwili, anahema, ananitazama.

"Mbona umezima? Sijachoka."

Nikamkalisha. Ndivyo utaratibu ulivyo, ukishasimamisha mashine unamkalisha mtu, unaangalia moyo unavyotulia. Skrini ilikuwa nyuma yangu lakini nilimshika kifundo kwa vidole viwili, chini ya dole gumba, sijui kwa nini. Mia na thelathini na sita. Mia na tano. Tisini na tatu. Ulikuwa unashuka vizuri, unashuka haraka, kama moyo wenye afya unavyopaswa kushuka. Machozi yalinidondokea kwenye mkono wake naye hakuyafuta. Alifumba macho kama zamani.

"Yamebaki mangapi?" akaniuliza.

"Mengi, Shangazi," nikamwambia. "Yapo mengi."

Nikambandua mkanda.